Barua ya wazi: Tupeni kijiji kimoja kwa miaka mitatu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Viongozi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Na Makamu Wakuu wa vyuo vinavyofundisha afya ya jamii.

Waheshimiwa,

Ninasoma mwaka wa tatu wa shahada ya elimu ya afya ya jamii hapa Dodoma. Ninaandika kuhusu jambo moja, nalo ni mafunzo kwa vitendo, yale ambayo sisi wanafunzi tunayaita fildi. Ninaomba yabadilishwe. Kila kundi la wanafunzi wa fani hii likabidhiwe kijiji kimoja tangu mwaka wa kwanza, lirudi kijiji hicho hicho hadi linahitimu, na lirudi katika majira tofauti: wakati wa kifuku, yaani msimu wa mvua, wakati wa mavuno na wakati wa kiangazi.

Kwa sasa kalenda inakwenda hivi. Semista ya pili inafungwa Julai, tunapewa barua, tunatawanyika kwenye halmashauri, na kabla masomo hayajaanza tena tumesharudi kuandika ripoti. Ukifika Ugogo miezi hiyo unapokelewa vizuri. Mavuno yameshaingia ndani, ng'ombe wanamalizia mabua mashambani, harusi na ngoma zinapangwa, na ukiitisha mkutano chini ya mbuyu watu wanakuja kwa sababu nafasi wanayo. Mwanafunzi anarudi chuoni na picha nzuri na karatasi ya mahudhurio iliyojaa sahihi na alama za dole gumba. Alichokiona ni kijiji kikiwa mapumzikoni. Mengi yanayoua na kulemaza watu wa mkoa huu hupangwa na miezi mingine ya mwaka, sisi tukiwa darasani.

Chukueni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Chemba na Kondoa, na wa Kiteto kule Manyara, walianza kuumwa tumbo na kutapika, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa maji. Takriban watu 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa na kutunzwa nyumbani. Darasani tunafundishwa habari hii, na tunafundishwa vizuri: kuvu hushambulia mahindi yaliyoteswa na ukame yakiwa bado shambani, huongezeka yakihifadhiwa kabla hayajakauka, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mama anaweza kuchemsha makande kutwa nzima na sumu ikabaki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga iko kwenye siku za mavuno: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kutenga punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kuhakikisha mahindi yamekauka kabla ya kufunga gunia, na kuweka magunia juu ya chaga yasiguse sakafu wala ukuta.

Kwa Dodoma, siku hizo huangukia Mei, Juni na kuelekea Julai. Wakati huo sisi tunamalizia majaribio na kujiandaa kwa mitihani. Tunafika Agosti kufundisha namna ya kuanika mahindi ambayo yameshalala kihengeni. Wasikilizaji wanaitikia kwa adabu, kwa sababu watu wa hapa wana adabu kwa mgeni, na sisi tunaandika kwamba jamii imeelimishwa. Hatukuwepo turubai lilipohitajika. Hatukuona kwamba kaya moja ilivuna mapema kwa kuogopa mifugo iliyokuwa imeshaanza kuingizwa mashambani, na nyingine ilipukuchua mahindi mabichi ili kumuwahi mnunuzi aliyekuwa na lori kijijini siku ile. Zaidi ya yote hatukuona punje mbovu zilikwenda wapi. Vipeperushi vyetu husema zitengwe zisiliwe, kana kwamba kila kaya ina akiba ya kutupa. Nimewasikia akina mama wakisema waziwazi kwamba chenga hizo huenda kwa kuku au kwenye pombe ya kienyeji, na mwaka wa njaa huenda kwenye sufuria. Mwelimishaji asiyejua hilo anafundisha nusu ya somo, tena nusu iliyo nyepesi.

Mfano wa pili uko Kongwa, jirani zetu, na ndio ulionifanya niipende fani hii. Kongwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyosumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa ambao wengi tunauita vikope. Mtoto huambukizwa mara kwa mara akiwa mdogo, kupitia mikono, nguo na nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Miaka mingi baadaye, mara nyingi akiwa mama mtu mzima, kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho mpaka anapofuka. Tangu miaka ya 1980 watafiti walipiga kambi huko wakishirikiana na wenyeji. Swali lao lilikuwa dogo kwa kulitazama: kwa nini nyuso za watoto hazinawishwi? Jibu la haraka lilikuwa kwamba maji ni mbali, na kweli yalikuwa mbali. Lakini walipokaa na watu waligundua mengine. Akina mama walikuwa wakikadiria kwamba kunawisha uso kunahitaji maji mengi, na ilipojaribiwa mbele yao kwa kumwaga kidogo kidogo, maji machache yalitosha nyuso za watoto wengi. Waligundua pia kwamba matumizi ya maji na ya muda wa mama hayakuamuliwa na mama peke yake. Mume alikuwa na neno lake, na kijiji kizima kilikuwa na maoni juu ya kazi gani ya mwanamke ni ya lazima. Kumwelimisha mama pekee, basi, kulikuwa kumtwisha lawama kwa uamuzi usio wake.

Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la Lancet. Katika vijiji ambako jamii ilishirikishwa kwa karibu juu ya usafi wa uso pamoja na kupewa dawa ya macho, watoto wenye trakoma kali walipungua kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Leo mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma una nguzo nne: upasuaji, dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Mbili za mwisho ni kazi yetu sisi waelimishaji, na vijiji vya Wagogo vina mchango katika kuthibitisha kwamba zinafaa. Nikiwa mwanafunzi wa Dodoma najivunia hilo. Ninasikitika pia, kwa sababu utaratibu wetu wa fildi usingeweza kuzaa ugunduzi wa namna ile. Mtu haambiwi na mama wa Kongwa nani huamua juu ya ndoo ya maji kwa kujaza dodoso mlangoni.

Yako pia mambo ambayo hayaambiwi mgeni kabisa. Katika Dodoma na Singida kwa miaka mingi imeaminika kwamba maradhi ya sehemu za siri ya watoto wa kike yanayoitwa lawalawa hayaponi ila kwa kukeketa. Ni maambukizi yanayotibika kwa dawa za kawaida na kuzuilika kwa maji na sabuni. Mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria inayokataza kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na ni sheria njema. Lakini baadhi ya familia zilijibu kwa kufanya jambo hilo kwa siri na kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusema. Mwanafunzi anayekaa wiki chache hatalisikia neno hilo likitamkwa mbele yake. Bibi anayejua nani alifanyiwa na nani alimfanyia atalitaja, kama atalitaja, kwa mtu aliyemuona akirudi mwaka wa pili na wa tatu, aliyekuwepo kwenye msiba, aliyemsaidia kubeba kuni. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaondoka kabla ya kupewa jembe, na ndiyo maana tunabaki kuwa wageni.

Kuna tena miezi ya Januari hadi Machi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Ikinyesha, mama yuko shambani alfajiri hadi jua kali, mtoto wa mwaka mmoja ameachwa na dada yake ambaye naye ni mtoto, na nafaka ya mwaka uliopita imefika chini ya kihenge. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huo hujengwa katika miezi kama hii, mlo kwa mlo. Lakini miezi hiyo hiyo mlenda ni mbichi, majani ya kunde yapo, na ng'ombe waliopata malisho wanatoa maziwa. Mwelimishaji aliyeko pale Februari angeweza kukaa jikoni na mama na kutafuta naye njia ya kuongeza lishe ya mtoto kwa vilivyopo. Sisi tunafundisha makundi ya vyakula Agosti kwa bango lenye picha ya samaki, parachichi na machungwa. Nimeliona bango hilo limebandikwa kwenye zahanati ambako parachichi huletwa na basi.

Fildi yangu mwenyewe nilipangiwa kituo cha afya katika wilaya moja ya mkoa huu. Watumishi walikuwa wachache na walinipokea kwa moyo mwema. Kwa kuwa walikuwa wachache, kazi yangu kubwa ikawa kujumlisha takwimu kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za kituo, na kupima uzito wa watoto siku za kliniki. Asubuhi, kabla huduma hazijaanza, nilipewa dakika chache kuzungumza na akina mama waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Hapo ndipo elimu ya afya ya jamii ilipofanyika, ndani ya uzio wa kituo, kwa watu ambao tayari walikuwa wamekubali kuja kituoni. Wale ambao hawaji sikuwaona. Msimamizi kutoka chuoni alinitembelea, akatazama daftari langu la kila siku, akasaini, akaendelea na safari. Alikuwa na wanafunzi wengine wengi kwenye wilaya nyingine na gari moja. Simlaumu hata kidogo. Ripoti niliandika kwa Kiingereza kwa muundo tuliopewa, na iko kabatini chuoni. Kijiji kilichonipa habari zake hakijaisoma, na hata kikiletewa wachache ndio watakaoielewa.

Mkoa huu unakumbuka gharama ya wataalamu kutojua majira. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta matrekta Kongwa ili kulima karanga kwenye maelfu ya ekari. Udongo uliolainika kwenye mvua uligeuka mwamba wakati wa kiangazi, mvua zenyewe hazikuja walivyotarajia, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia kuhusu udongo ule, kama wangekaa wakamuuliza.

Wala siombi jambo ambalo nchi hii haijawahi kulifanya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kujisomea kando ya redio, wakasoma kijitabu, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Nguvu yake ilikuwa pale watu walipokutana wiki baada ya wiki, wale wale, na kukubaliana kazi ya wiki inayofuata. Choo huchimbwa kiangazi, kwa hiyo sisemi kwamba kiangazi hakina kazi. Nasema kiangazi kiwe msimu mmoja kati ya mitatu.

Najua swali la kwanza litakuwa fedha. Naomba tulitazame kwa utulivu. Sasa hivi mwanafunzi hutumwa mahali papya kila mwaka, mara nyingi mbali, anatafuta chumba cha kupanga mjini karibu na hospitali, na msimamizi anazunguka nchi nzima kumkagua kwa saa moja. Kundi la wanafunzi kumi lililopewa kijiji kimoja cha Chamwino, Bahi au Kongwa linaweza kufika kwa basi la asubuhi na kukaguliwa na mhadhiri mmoja kwa safari moja. Posho ya mafunzo kwa vitendo ambayo Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake haihitaji kuongezwa siku. Inahitaji kuruhusiwa kugawanywa, sehemu itoke Januari, sehemu Mei na sehemu Agosti. Kwa wasio na mkopo safari fupi ni nafuu kubwa, na hao tusiwasahau, maana wengine fildi huwatoa chuoni. Malazi ni suala la Serikali ya kijiji na mtendaji wake, na mahali pengi kuna nyumba ya mwalimu yenye chumba kisichotumika. Usalama wa mabinti uwekwe wazi kwenye makubaliano na kijiji kabla mwanafunzi hajapanda basi: walale wapi, na nani awajibike.

Kalenda ni ngumu zaidi ya fedha, nakiri. Masomo ya takwimu, anatomia na epidemiolojia yana vipindi vyake na wahadhiri wake wanafundisha kozi nyingi. Lakini vyuo vikuu vina mabaraza ya taaluma yenye uwezo wa kupanga upya ratiba ya shahada moja, na Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha mitaala. Wiki tatu za Februari na wiki mbili za mwisho wa Mei zinaweza kupatikana ikiwa baadhi ya masomo ya nadharia yatasogezwa kwenye ile miezi ya mwisho wa mwaka wa masomo ambayo sasa yote inaliwa na fildi. Wanafunzi wa kilimo wangetuelewa haraka, kwa sababu mhindi haumsubiri mtu amalize mtihani.

Ninaomba pia namna ya kutupima ibadilike. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili kwanza na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, mhadhiri akiwa amekaa pale na wananchi wakiwa na haki ya kusema kwamba jambo fulani limeandikwa sivyo. Sehemu ya alama itokane na hapo. Baada ya hapo chuo kikitaka nakala ya Kiingereza, tutaiandika. Mwanafunzi akijua kwamba mwenyekiti wa kitongoji atamsikiliza akisoma takwimu za vyoo vya kitongoji chake, atazihesabu kwa kutembea.

Kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI nina hoja ya ziada. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia idadi ya wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Ni mpango mkubwa, na mimi ni miongoni mwa walioufurahia. Wahudumu hawa wanatoka vijijini kwao, wanajua kaya, wanajua lugha, Kigogo au Kirangi au Kisandawe. Watahitaji wa kuwaongoza katika kuelimisha: kupanga ujumbe, kupima kama umeeleweka, kurekebisha usipoeleweka. Kazi hiyo ingepaswa kuwa yetu. Lakini mhudumu aliyezaliwa Kwa Mtoro kule Chemba atamsikiliza vipi kijana mwenye shahada ambaye hajawahi kuona kijiji kikiwa na tope? Tukilelewa pamoja nao tangu mwaka wa kwanza, tukishika nao Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, tutakuwa tumeshajuana kabla ya barua ya kazi. Suala la ajira zenyewe na muundo wetu wa utumishi nimeliacha makusudi. Ni zito na lina barua yake.

Ombi langu la mwisho ni la muda. Wizara zenu ziko Mtumba, na ukitoka Mtumba vijiji vya Chamwino haviko mbali. Hakuna haja ya kuanza na nchi nzima. Chaguliwe chuo kimoja hapa Dodoma, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada hii, na vijiji vichache ambavyo Serikali zake zitakubali kwa mkutano wake. Mwaka wa masomo ukifunguliwa, Novemba itumike kufanya makubaliano na vijiji, na Bodi ya Mikopo itoe mwongozo wa kugawanya posho kabla ya Krismasi. Kundi la kwanza liwe kijijini Februari. Mimi nitakuwa nimeshahitimu, na fildi hiyo hainihusu tena. Nipo tayari kwenda nao kama msaidizi bila malipo kwa msimu wa kwanza, na wenzangu kadhaa wa darasa wamesema vivyo hivyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Elimu ya Afya ya Jamii,
Dodoma